Supu Si Nyama, Nilikuwa Nikisema

Wapishi mliobaki jikoni mliniomba niwaandikie kazi yangu ilivyokuwa, kwa sababu siku ya kuniaga nilikataa kuhutubu. Sikukataa kwa maringo. Nilijua nikianza nitasema yote, na wengine wenu mko ndani ya hayo. Sasa niko nyumbani Matinyani, kuku wanazunguka miguu yangu, nina nafasi. Mambo ya mshahara na nani alipandishwa cheo sitaandika. Hayo hayakuwahi kunifundisha kukaanga kitunguu. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mtu akiona kosa la kuandika alirekebishe mwenyewe na anyamaze.

Nilianza Emali, hoteli ya kando ya barabara ya Mombasa. Mwenyewe alikuwa ametoka Nyeri na mke wake, tulimwita Baba Njoroge. Siku ya kwanza alinipa sufuria moja iliyoungua wali, akanionyesha majivu na kamba ya katani. Nikasugua. Akaja, akapitisha kidole ndani, akaninyooshea kidole nikione. Nikasugua tena. Mara ya tatu aliangalia kidole chake, akakipangusa kwa shati, akasema, "Kesho njoo saa kumi na moja." Hivyo ndivyo niliandikwa kazi. Hakuna barua.

Jikoni kwa Baba Njoroge kulikuwa na sufuria moja ambayo haikushuka motoni, ya mifupa. Ilikaa nyuma kabisa, ikitokota polepole, ikiongezwa maji na mifupa mingine. Kila asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, mpishi alichota upawa mmoja wa ile supu akamwaga kwenye ndengu. Mwingine kwenye maharagwe. Nusu kwenye sukuma. Nilipouliza kama wali pia unawekewa, aliniangalia kama nimeuliza kama watoto wanapewa maji.

"Ndengu bila supu ni chakula cha mahabusu," alisema. "Wewe una kesi?"

Basi nikajifunza hivyo. Huo upawa hatukuuhesabu. Mtu akiuliza kama kuna nyama kwenye ndengu, tulisema hakuna, na tulisema kwa moyo safi. Nyama ni ile unatafuna. Supu ni maji yaliyopitia kwenye mifupa, yakasalimia, yakaendelea. Mimi nilisema hivyo miaka mingi sana na hakuna mtu, awe dereva wa lori au padre, aliyenipinga.

Kitui nilikuja nikiwa mpishi tayari, na kiburi changu kwenye mfuko. Hapo ndipo nilipokutana na Bi Rukia, mwenye hoteli yenu hii. Wengine wenu mnamwona tu mzee anayekaa kwa kiti karibu na mlango akihesabu tasbihi, hamjui alivyokuwa na macho. Baba yake alikuja Kitui kutoka pwani kufanya biashara, na yeye amezaliwa hapa, Kikamba chake kinanishinda mimi. Alinionja kwanza kwa maneno kabla ya chakula.

"Mteja akikuuliza hii nyama amechinja nani, utamjibu nini?"

"Nitamwambia sijui."

"Halafu?"

"Halafu nini? Si nimesema ukweli?"

"Ukweli wa mvivu," akasema. "Vaa viatu twende."

Akanipeleka mpaka kwa mchinjaji, akanisimamisha pale nione kisu, nione mkono, nisikie jina likitajwa. Tangu siku hiyo nikiulizwa niliweza kujibu. Mimi si Mwislamu, niko kanisani kila Jumapili, lakini swali la halali nililielewa upesi. Kuna mtu, kuna kisu, kuna neno. Unaweza kwenda kuangalia. Nikadhani nimejua kila aina ya swali ambalo mtu anaweza kuuliza juu ya sahani. Nikapika pale miaka, nikawa mkubwa wa jiko, nikafundisha watu, na sufuria yangu ya mifupa ikawa nyuma kabisa kama ile ya Emali.

Halafu akaja Ndanu.

Ilikuwa siku ya soko. Msichana mrefu, kofia ya kazi, viatu vya turubai vimejaa vumbi jekundu. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi watafute mahali pa kuchimba visima, na wakati huo walikuwa wanapima upande wa Zombe. Mkamba kabisa, wa Mwingi. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walidhani alikuwa mgeni wa ng'ambo. Angekuwa mzungu nisingechanganyikiwa. Wazungu wana mambo yao.

"Mwaitu," akaniambia, vile tunaita mama yeyote wa heshima, "kuna chakula gani hapa hakina kitu chochote cha mnyama?"

"Kuna ndengu. Kuna sukuma. Kuna wali."

"Hakuna nyama ndani?"

"Hakuna."

"Maziwa? Mayai? Siagi?"

"Ndengu na mayai wapi na wapi?" Nikamwangalia vizuri. "Wewe ni mgonjwa?"

"Hapana."

"Ni kanisa imekataza?"

"Hapana, mwaitu."

"Umeachwa?"

"Mwaitu!" Akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Sijaachwa. Sili tu. Tunaitwa vigani."

"Mko wengi?"

"Hapa Kitui? Tunajaa benchi moja."

Nikamwekea ndengu. Alikula kama mtu aliyetoka jela. Aliniambia amezunguka na kazi hii kila mahali, na chakula cha kuaminika hajapata. Mahali pamoja waliapa githeri ni kavu, haina nyama, akakuta mfupa ndani. Mahali pengine walimwambia, toa nyama uweke kando, kula mchuzi. Chapati zina maziwa, mandazi yana mayai, chipsi zinakaangwa kwa mafuta yaliyokaanga kuku. Kwa hivyo alikuwa anatembea na njugu na ndizi ndani ya gari. "Nimechoka, mwaitu," alisema. "Nakula kama tumbili na nimevaa kofia ya serikali."

Akawa anakuja kila wiki akishuka kutoka Zombe. Mimi nilimpenda, lakini sikumwelewa, na nikiwa sielewi huwa siwezi kunyamaza. Siku moja nilimletea asali, ile ya mizinga ya kwetu, nyeusi, nzito. Akaisukuma pole pole.

"Nyuki pia?"

"Nyuki pia."

"Nyuki hana hata damu!"

"Asali si ni yake?"

Nikaenda jikoni, nikafikiria, nikarudi. "Hizi ndengu zimelimwa na ng'ombe. Plau imevutwa na maksai wawili. Na shamba limewekwa mbolea ya mbuzi. Hapo unafanyaje?"

"Hapo nafanya ile naweza."

"Na maziwa je? Ng'ombe akikamuliwa anakufa?"

"Mwaitu, wewe unapenda kesi."

"Sipendi kesi. Nauliza. Ni nini ilikufanya uache?"

Hapo aliweka kijiko chini. "Nikikwambia sababu utaanza kuipima kama ni kubwa au ni ndogo. Mimi si sababu nimekuja kukula. Nimekuja kukula ndengu."

Mpaka leo sijui sababu. Nimeikisia mara nyingi nikiwa nachagua mchele, na kila nikiipata naona haitoshi.

Miezi ikapita. Ndanu alikuwa na kundi lao kwenye simu, watu wa kula kama yeye wanaosafiri na kazi: walimu, mafundi wa sola, dereva mmoja wa dawa za hospitali. Huko wanaandikiana, mahali fulani usikanyage, mahali fulani ni sawa. Akaandika hoteli yetu, na akaandika ni yeye mwenyewe anasimamia hayo maneno. Wakaanza kuja mmoja mmoja. Mtu anaingia, anauliza, "Wewe ndiye mama wa Ndanu?" Nikisema ndiyo, anakaa bila swali lingine. Nilijivuna. Kwa nini nidanganye? Nilitembea hapo jikoni kama mtu aliyepewa uchifu.

Siku ambayo mambo yaliharibika, Ndanu alikuja asubuhi, si saa ya chakula. Alisema kazi ya Zombe inakaribia kuisha, na anataka nimfundishe zile ndengu azipike kwake.

"Za kila mtu zinakuwa kama tope," alisema. "Zako zina kitu."

Nikamfungia aproni. Nikamwonyesha kuchagua ndengu kwenye ungo, kuzichemsha zisipasuke, kitunguu kingi, moto mdogo, nyanya baadaye. Mutinda alikuwa hapo anakata sukuma, ninyi mnamjua, mwanamume wa watoto wanne na mdomo wa watu kumi. Akawa anamchokoza, "Dada, ukijua kupika utaolewa na nani, mbuzi?" Ndanu akamjibu, "Mbuzi hana maneno kama wewe." Tukacheka. Na nikiwa nacheka, mkono wangu ukaenda nyuma, ukachukua upawa, ukachota ile supu, ukaleta juu ya ndengu.

"Hiyo ni nini?" Ndanu akauliza.

"Supu."

"Ya nini?"

"Ya mifupa."

Nilikuwa nimeshamwaga. Sikuficha. Hilo nataka mjue, na sisemi nijisifu: sikuficha kwa sababu sikujua kuna kitu cha kuficha. Alisimama akiangalia sufuria. Mutinda aliacha kukata.

"Umeweka leo tu?" akauliza.

"Huwa naweka kila siku."

"Tangu nianze kuja?"

"Tangu kabla uzaliwe," nikasema, na nilisema kama kitu kizuri. Ndipo nikaona uso wake. "Lakini Ndanu, uliniuliza kama kuna nyama. Supu si nyama."

Akafungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza. Hakunifokea. Afadhali angenifokea, mimi na kufokewa tunajuana. Alienda akaketi kwenye benchi la nje, akatoa simu, akaandika kwa muda mrefu, anafuta, anaandika. Nilijua anaandikia akina nani. Mwalimu, mafundi wa sola, dereva wa dawa. Anawaambia mahali alipowatuma wamelishwa mifupa, na yeye ndiye aliyeapa. Kisha akapanda gari lake akaenda. Ndengu zake zikabaki jikoni. Watu wengine walikula, wakasifu.

Nilikasirika, tena nilimkasirikia yeye. Maji tu! Hajaumwa tumbo, hajafa, amenawiri. Nikaenda kwa Bi Rukia nikitaka anikubalie.

Akanisikiliza, tasbihi inaenda. "Mama Mutheu," akasema, Mutheu ni kifungua mimba wangu, "Mwislamu akija hapa, ukaweka upawa wa supu ya nguruwe kwenye maharagwe yake, ungesema ni maji?"

"Hiyo ni tofauti. Hiyo Mungu alikataza. Hii ya Ndanu amekataza nani?"

"Amejikataza yeye."

"Sasa mtu anaweza kujikatazia tu hivyo?"

"Wewe pombe uliacha kwa amri ya nani?"

Niliacha baada ya mazishi ya mume wangu, na hakuna mtu aliniambia.

"Tena uliyemjibu ni yeye," Bi Rukia akaendelea. "Alipouliza, alikuuliza wewe. Hukumjibu alichouliza. Ulimjibu ulichotaka aulize."

Nilirudi jikoni nimechanganyikiwa zaidi. Kama supu ni nyama, basi miaka yangu yote nimeulizwa swali moja na nimejibu lingine. Wale waliokuja Emali Ijumaa za Kwaresima, wamefunga nyama, nikawaambia hakuna, wakala. Nikaanza kuwahesabu, nikaacha, kwa sababu mtu anaweza kuwa wazimu.

Nilijaribu kupika ndengu bila upawa. Nawaambia ukweli, zilikuwa mbaya. Mutinda alionja akasema, "Pole kwa msiba." Nikaongeza chumvi, zikawa mbaya na chumvi. Nikaongeza vile viungo vya pakiti, halafu nikampa kijana wa duka anisomee yale maandishi madogo nyuma, na humo pia kulikuwa na mafuta ya ng'ombe. Mimi nimetumia hizo pakiti nikidhani ni pilipili na rangi! Aliyeniokoa ni Bi Rukia tena. Alikuja na nazi mbili na mbuzi ya kukunia, akaketi mlangoni akakuna mwenyewe. "Kwetu tumekula kunde za nazi tangu babu," alisema, "na hakuna siku mtu alitupa jina." Kitunguu mpaka kiwe kahawia, nyanya, bizari, tui jepesi ndengu zichemkie, tui zito mwisho, usifunike. Mutinda alionja mara tatu, mara ya tatu kwa sahani. Nikajua hapo tumefika.

Lakini sufuria moja tamu haikunitosha. Nilitaka kujua huyu msichana alikuwa anapitia nini, kwa sababu bado moyoni nilisema anajisumbua. Basi nilipoenda Kikima kumwona dada yangu, nilisema nitakula kama Ndanu kutoka Kitui mpaka nirudi. Siku nne. Nikadhani ni kazi rahisi. Mimi ni mpishi, nani atanidanganya?

Wote walinidanganya.

Njiani, Tawa, niliingia hoteli safi, nikaomba sukuma na ugali. "Sukuma imekaangwa na nini?" "Mafuta tu, mama." "Mafuta ya nini?" "Ya kupika." Alikuwa na haraka na alikuwa na tabasamu, na niliona mwenyewe kijiko kimetoka kwenye karai la nyama. Kikima ni juu, ni baridi, na huko nikagundua kitu ambacho nataka mkishike: baridi haijui kudanganya. Nikinunua maharagwe naacha mchuzi kidogo kwenye ukingo wa sahani, nangoja. Mafuta ya mbegu hukaa maji. Ya mnyama huganda yanakuwa meupe kama mshumaa. Sahani tatu, hoteli tatu, mishumaa mitatu. Kwenye moja nilimwita mpishi, nikamwonyesha. Akasema, "Mama, hiyo ni baridi tu." Nilitaka kumwambia mimi ni nani, nikakumbuka mimi ni nani.

Na sikuweza hata kumkasirikia vizuri. Niliona uso wake. Ulikuwa uso wangu. Hakuwa anadanganya, alikuwa anapika.

Kwa dada yangu nilidhani nitapumzika. Alinipakulia muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa na maharagwe, na juu yake akaweka samli ya nyumbani, kijiko kizima. Nikamwambia naomba bila.

"Umeingia dini gani?"

"Sijaingia dini."

"Basi ni daktari."

"Si daktari."

"Basi unanidharau," akasema, akachukua sahani akaenda nayo. Akaleta nyingine. Niliona ametoa samli ya juu na kukoroga iliyobaki, kwa sababu aliniona nimekonda. Kwetu kumpa mgeni chakula kikavu ni kumfukuza. Nikala. Ndiyo, nilikula. Usiku huo nilielewa kwamba hata mtu anayekupenda atakulisha kile anachotaka, sio kile umeomba, na kesho atakuambia alikuonea huruma.

Siku ya kurudi, pembeni ya soko la Kikima, kulikuwa na mama mmoja na jiko moja la makaa, anauza chai, viazi na maharagwe. Nikamwuliza maswali yangu yote. Akafikiria. Akafunua sufuria, akaangalia mwiko wake. Akasema, "Mama, wewe sina chako. Huu mwiko umeingia kila mahali. Nunua parachichi pale kwa yule, uje ukalie hapa kwa kiti changu." Nilinunua parachichi mbili. Nilikula nimekalia kiti chake na sikununua kwake hata chai, na yeye hakununa. Ni yeye peke yake, kutoka Kitui mpaka huko, ambaye ningemwamini siku nyingine.

Niliporudi nilitafuta namba ya Ndanu, nikampigia. Sikumwomba msamaha kwa maneno mengi, sina hayo maneno. Nilimwambia nilikosea, kwamba supu ni nyama, na kwamba sijamaliza kujifunza. Akasema, "Sawa, mwaitu." Ile sawa ya kufunga simu.

Sasa mpangilio niliouacha pale, na ambao najua mmeanza kuulegeza, sababu yake ndiyo hiyo. Jiko la kona ni la vitu visivyo vya mnyama, na sufuria zake zina waya mwekundu kwenye mkono. Upawa wake hautembei. Mafuta ya chupa mpya, sio yaliyochujwa kutoka kwa karai. Pakiti isiyosomwa haiingii. Chapati za maji zikandwe kwanza kabla ya zile za maziwa, kwenye meza iliyopanguswa. Mtu akiuliza swali, usimjibu mpaka uangalie, hata kama unajua. Hasa kama unajua. Na usimwulize kwa nini. Mimi niliuliza kwa niaba yenu wote na sikupata kitu.

Sijawa kama wao. Jana nimekula mbuzi. Mambo ya nyuki bado yananisumbua, na yale ya maksai hakuna aliyewahi kunijibu. Lakini kuna siku moja kabla sijastaafu nataka muijue kutoka kwangu, kwa sababu Mutinda huwa anaisimulia vibaya.

Mchana kabisa, hoteli imejaa, gari la Ndanu likasimama nje. Ilikuwa miezi tangu nimwone. Alishuka na wenzake wawili wa kazi, wote wekundu kwa vumbi kama matofali. Kazi ya Zombe ilikuwa imeisha, walikuwa wanahamisha vyombo. Niliona jinsi alivyosimama mlangoni, kama mtu anayeingia nyumba ya watu aliogombana nao kwa sababu mvua imemlazimisha. Akaketi karibu na mlango.

"Mwaitu. Nimesikia umebadilisha jiko."

"Nimebadilisha."

"Hatujala tangu jana jioni. Kuna kitu changu?"

"Kuna ndengu za nazi," nikasema, na moyo wangu ulikuwa unaruka kama wa msichana. Nikaingia ndani kupakua.

Mutinda alikuwa amesimama kwenye jiko la kona, upawa wa supu mkononi, anaangalia ndani ya sufuria yenye waya mwekundu. Watu walikuwa wengi, ndengu zilikuwa zinaelekea kukauka, mkono ulikwenda wenyewe. Ninajua huo mkono. Ni mimi niliufundisha.

"Ni kidogo, mwaitu," akanong'ona. "Nimekoroga, imeshapotea. Hata harufu hakuna. Nazi imeifunika."

Nikaonja. Ilikuwa kweli. Hakuna ulimi wa Kitui nzima ungejua, hata huu wangu.

"Ukinyamaza ni nani atajua?" Mutinda akasema. "Amerudi leo. Ukimfukuza leo harudi tena."

Alikuwa sawa, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo nikikumbuka: alikuwa sawa kabisa. Nilisimama pale na sahani mkononi. Msichana ana njaa, chakula ni kitamu, na mimi nilitaka sana anione nimekuwa mtu mwingine. Nikaiweka sahani chini, nikatoka mikono mitupu.

"Ndanu, chako kimeharibika. Upawa wa supu umeingia."

"Lini?"

"Sasa hivi. Kama unavyoniona."

Aliniangalia. Wateja wa meza ya karibu waliacha kutafuna.

"Kuna ndizi," nikasema. "Ukitaka ndengu nyingine naanza mwanzo. Itachukua saa moja na zaidi. Nazi pia haijakunwa."

Wenzake wakaguna. Mmoja alisimama, akashika funguo. "Ndanu, twende bwana. Tutapata kitu mbele."

"Mbele wapi?" akamwuliza.

Ndanu akainama, akalegeza kamba za viatu, akavivua vyote viwili, akavisukuma chini ya meza na soksi ndani yake.

"Weka sufuria, mwaitu," akasema. "Niko hapa."

Nikachukua ungo, nikaketi kwenye mwanga wa mlango, nikaanza kuchagua ndengu.